Ramisco: Zabibu Iliyofichwa na Mchanga

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wetu wa wakulima wa zabibu, Hombolo, Dodoma. Wengi hamkufika, wengine kwa misiba, wengine kwa safari, mkaomba niiandike yote. Picha za ukutani nimeziacha. Maneno ni yale yale.

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokimbilia kivulini huko nyuma: mbukwenyi!

Ahsanteni. Kabla sijaanza, niwatoe hofu wale wasiogusa kileo, maana nawaona mmekaa upande mmoja kama mashahidi wa kesi. Leo simnyweshi mtu. Marehemu babu yangu alilima zabibu miaka yote bila kuonja hata tone la mvinyo, na hakuna aliyemshinda kuijua zabibu. Akishika kichala gizani alikuambia kimetoka shamba lipi. Zabibu inajulikana kwa mkono, kwa jembe, kwa jicho. Ulimi unakuja mwisho.

Nimeambiwa nizungumzie zabibu nyekundu ya Ureno. Ipi sasa? Ureno ni nchi ndogo, lakini aina zake za asili za mizabibu zinapita 200. Ingekuwa rahisi kusimama hapa niisifu Touriga Nacional, ile ya mabonde ya Douro na Dão. Ndiyo yenye jina kubwa, na hata wakulima wa Bordeaux kule Ufaransa wameruhusiwa kupanda kidogo kwa sababu joto linazidi kwao. Ningeweza kuwaeleza Baga ya Bairrada, inayochelewa kuiva hadi mvua za vuli zinaikuta shambani. Hizo zina wasemaji wengi. Mimi nimekuja na zabibu ambayo hata huko kwao Ureno wengi wameisikia tu, hawajaiona. Inaitwa Ramisco.

Ramisco. Semeni wenyewe. Ra-mi-sko. Sawa.

Kwao ni Colares, pwani ya magharibi ya Ureno, chini ya milima ya Sintra. Kutoka Lisbon hazifiki kilomita 40. Ukiendelea kidogo unafika Cabo da Roca, ncha ya mwisho ya bara la Ulaya upande wa magharibi. Ukisimama pale, mbele yako ni maji matupu hadi Marekani. Upepo wa pale, ndugu zangu, si huu wetu wa kuinua vumbi la Julai. Ule una chumvi na unaunguza jani. Asubuhi ukungu unapanda kutoka baharini, saa nne bado umevaa koti, na hapo ni majira ya joto. Nani kati yenu angepanda mzabibu mahali kama hapo?

Wao walipanda, tena zamani sana. Inasimuliwa kwamba Mfalme Afonso III, aliyekuwa ameishi Ufaransa kabla ya kutawala, ndiye aliyegawa ardhi ya Colares mwaka 1255 kwa sharti kwamba ilimwe mizabibu. Kama Ramisco ilikuja na mfalme au ilikuwepo, hilo nawaachia wenye kupenda ubishi. Mimi nataka niwapeleke kwenye mchanga.

Maana jambo la kwanza la kuijua Ramisco ni mchanga. Sisemi udongo wa kichanga kama wa kwetu, unaoshika unyevu ukiunyunyizia samadi. Ni mchanga mtupu wa pwani, uliorundikwa na upepo kwa karne nyingi juu ya udongo wa mfinyanzi. Mahali pengine mchanga huo una kina cha mita 2, pengine 4, pengine zaidi. Mchanga hauna chakula. Maji yakimwagika, yamepita. Chakula na unyevu viko chini, kwenye mfinyanzi. Sasa wewe mkulima unafanyaje? Unapanda juu mche ufe? Au unaacha?

Walichimba. Walichimba mchanga wote hadi wakaufikia mfinyanzi, ndipo wakapanda pingili kule chini. Kisha shimo wakalifukia kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, kadiri mzabibu ulivyokuwa ukipanda kulifuata jua. Kwa hiyo mzabibu unaouona juu ya mchanga, umekaa chini kama mtoto aliyechuchumaa, miguu yake iko mita kadhaa chini ya viatu vyako.

Na hapa kuna kitu kilichonikaa kichwani kuliko vyote. Mchanga haushiki ukuta. Mliochimba visima mnajua, wengine mnajua kwa uchungu. Ukiwa chini, ukuta unaweza kukujia wote kwa mara moja. Basi wachimbaji wa Colares walishuka shimoni wamefunika vichwa kwa matenga. Matenga, yale yale ya kubebea mzigo! Si kwa ajili ya jua. Mchanga ukiporomoka ukamzika mtu, lile tenga linaacha nafasi ndogo ya hewa mbele ya pua yake, apumue pumzi chache wenzake wakimfukua. Siku hizi mashine ndiyo inachimba. Zamani ilikuwa jembe, koleo, tenga kichwani, na mwenzako aliye juu unayeomba asisinzie.

Mimi nilipokwenda Colares na kusikia habari hiyo nilimuuliza mwenyeji wangu, mzee mmoja mwenye viganja vigumu kama gome: kwa nini msingepanda kule kwenye udongo mgumu, si upo hapo hapo jirani? Upo kweli. Wenyewe wanautofautisha na kuuita ardhi ngumu, na ile nyingine ardhi ya mchanga. Akacheka. Akasema wale wa ardhi ngumu walitucheka sana, hadi alipokuja mdudu.

Mdudu. Hilo ndilo jambo la pili, na nisikilizeni vizuri, hasa ninyi mnaopokea miche bila kuuliza imetoka wapi.

Miaka ya 1860 Ulaya iliingia mdudu kutoka Amerika ya Kaskazini. Alikuja na miche ya mizabibu, miche ambayo watu waliinunua kwa hamu, wakaisafirisha kwa meli, wakaipanda kwa sifa. Jina lake filoksera. Ni mdogo, wa rangi ya njano, ukimwona kwa macho utadhani ni chembe ya unga. Anakaa mizizini, ananyonya. Mzizi unavimba, unapasuka, unaoza. Juu wewe unaona jani linanyauka, unasema ni ukame. Unamwagilia. Unaongeza mbolea. Ukija kung'oa uangalie mizizi, mdudu keshahamia kwa jirani, mti uliokufa hana haja nao tena.

Mizabibu ya Marekani ilikuwa imeishi naye tangu zamani, ikamzoea. Ya Ulaya haikumjua. Ufaransa ikalia. Bonde la Douro, ambako mvinyo wa Port unatoka, likalia. Milima mizima iliachwa, kuta za mawe zimesimama na ndani hakuna kitu. Watu walijaribu dawa, walijaribu kufurika maji shambani, walijaribu mambo ambayo ukiyasikia utacheka, ila mtu anayefilisika hachekwi. Mwisho dawa ikawa kubebesha: chini unaweka mzizi wa mzabibu wa Marekani, ule uliomzoea mdudu, juu unabebesha tawi la mzabibu wako wa Ulaya. Ndivyo ilivyo hadi leo. Karibu kila mzabibu mtakaouona Ulaya ni wa vipande viwili. Kichwa cha Ulaya, miguu ya Marekani.

Na Colares je?

Colares mdudu alifika, akashindwa. Akaingia kwenye ardhi ngumu, akaila yote. Kwenye mchanga akakwama. Kwa nini? Kwa sababu filoksera hachimbi. Anapita kwenye nyufa za udongo, na udongo wa mfinyanzi ukikauka unapasuka, barabara hizo zimefunguka. Mchanga hauna nyufa. Chembe zinajifunga nyuma yake na mbele yake. Mizizi ya Ramisco ilikuwa chini kwenye mfinyanzi, chakula kizuri kabisa kwa mdudu, lakini mlangoni amesimama mlinzi wa mita nne.

Hakuna mtaalamu aliyewashauri. Hakuna dawa waliyopuliza. Mchanga ule ule uliozika watu ndio uliowaokoa.

Kwa hiyo Ramisco ya mchangani haikubebeshwa. Inasimama juu ya mizizi yake yenyewe, kama walivyokuwa wazazi wake. Mzabibu ukizeeka au ukifa katikati ya mstari, wanalaza tawi la jirani yake chini, wanalizika, linatoa mizizi, na pengo limezibwa. Mtoto ni mama yule yule. Wakati Ulaya yote inatafuta mvinyo, Colares ilikuwa nao. Bei ikapanda. Mwaka 1908 serikali ikaweka mipaka ya eneo rasmi ili si kila mtu aandike Colares kwenye pipa lake. Mwaka 1931 wakulima wakaanzisha ushirika wao, Adega Regional de Colares, na ushirika huo upo hadi leo. Mwenyekiti, naona umetikisa kichwa. Ndiyo, upo hadi leo.

Nimetaja pipa. Hebu niweke kituo kidogo hapa, kwa ajili ya walimu waliomo humu. Mnajua kwamba neno hili pipa ni la Wareno? Walikaa pwani yetu miaka mingi, wakaondoka, maneno wakayaacha. Pipa kwao ni pipa. Kopo ni la kwao. Na mvinyo wenyewe: kule wanaita vinho, ukilitamka unasikia kabisa mvinyo umechungulia. Siku ya kwanza pale ghalani mzee aliponionyesha pipa akalitaja, nikamjibu kwamba hata kwetu ni pipa, hakuniamini. Alidhani namfurahisha.

Haya, turudi shambani.

Jambo la tatu ni namna mti wenyewe unavyolelewa. Msitafute nguzo na waya kama zetu. Ramisco inatambaa chini kama tikiti maji. Ukiupandisha juu, upepo wa bahari utaumaliza. Kila kipande cha shamba kimezungushiwa ukuta wa mawe au uzio wa matete makavu, vipande vidogo vidogo, ukitazama kutoka juu kilimani utadhani ni vyumba vya nyumba isiyo na paa. Humo ndani mnakaa mizabibu, na hapa na pale mtofaa mfupi, nao umeinama kwa upepo. Kijito cha pale na ufukwe wake vinaitwa kwa jina la matofaa.

Sasa, kama mzabibu unalala mchangani, tatizo ni nini? Wewe mama, umelijibu kabla sijamaliza. Mchanga unaunguza. Jua la mchana likipiga, kichala kilicholala juu ya mchanga kinapikika upande mmoja. Ndiyo maana zabibu zinapokaribia kuiva, wanapita shamba zima na fito fupi za matete. Nilimfuata yule mzee asubuhi moja, ukungu bado haujainuka. Kifungu cha fito kwapani. Anapiga goti moja, mkono wa kushoto unapita chini ya tawi, polepole, kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala asimwamshe. Mkono wa kulia unachomeka fito. Tawi linakaa juu yake. Anavuta kichala kidogo kiangalie chini, anafuta mchanga kwa kidole gumba, anasogea. Goti lingine. Kichala cha Ramisco ni kidogo, punje zake ndogo, za buluu iliyokolea, ganda gumu. Nilijaribu kumsaidia. Fito yangu ya tatu ilivunja tawi, likatoa mlio kama wa mhogo mkavu. Hakunigombeza. Alinyanyuka, akanyoosha mgongo, akaniambia nikabebe ndoo.

Shamba zima linapitiwa hivyo. Tawi kwa tawi, kwa goti. Mashine gani itaingia pale?

Jambo la nne ni ladha, na hapa nanyamazia sifa, nitasema ukweli. Mara ya kwanza kuonja mvinyo mchanga wa Ramisco niliaibika. Walinipa kwenye glasi, watu wanne wananitazama usoni. Mnalijua lile bibo ambalo halijaiva? Mnajua ndizi mbichi ukiing'ata? Ukakasi! Ulimi umekauka, fizi zimekunjamana, na juu ya ukakasi kuna uchachu wa ukwaju. Nikajikaza. Macho yakanitoka machozi. Wakacheka hadi wakaegemea mapipa.

Ukakasi huo wataalamu wanauita tanini, unatoka kwenye ganda na mbegu. Punje ndogo yenye ganda nene ina maji kidogo na ganda jingi, kwa hiyo lazima ukakasi uzidi. Uchachu nao unatokana na ule ukungu na upepo: zabibu inaiva polepole, sukari haipandi sana, uchachu haupungui. Ndiyo maana mvinyo wenyewe si mkali wa kileo. Sisi jua letu linafanya kinyume, na tunavuna mara mbili kwa mwaka. Wao mara moja, wakijaliwa.

Kisha wakanipa glasi ya pili. Ile ya kwanza ilikuwa nyekundu ya kung'aa, hii imepauka pembeni, rangi ya tofali la kuchoma. Nikanusa kwanza, maana nimeshaogopa. Ilikuwa na harufu ya matunda makavu na ya msitu baada ya mvua, na nyuma kabisa kama chumvi. Nikanywa kidogo. Ukakasi upo, lakini umekaa chini, umestaarabika. Nikauliza hii ni zabibu gani. Wakasema ni ile ile. Shamba lile lile. Tofauti ni miaka. Ramisco inawekwa kwenye mapipa makubwa ya mbao, inasubiri, kisha inasubiri tena ndani ya chupa. Kuna watu wanafungua chupa zilizozidi umri wao.

Sasa nijibuni. Mkulima anayelima kwa goti, anayevuna kidogo, ambaye mchuzi wake wa zabibu haunyweki hadi miaka ipite, anakula nini wakati anasubiri?

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo la tano, na sitalipamba.

Kuna wakati mizabibu ya Colares ilizidi hekta 1,000. Leo imebaki makumi machache ya hekta. Filoksera alishindwa, ukame ulishindwa, upepo wa chumvi ulishindwa. Nani basi aliyeweza? Mlionyamaza mmeshajibu. Viwanja.

Ule mchanga ni wa ufukweni. Unaona bahari. Lisbon iko karibu, na tangu mwaka 1904 kuna tramu ya umeme inayoshusha watu kutoka Sintra hadi pwani. Watu wa mjini walikuja kupunga upepo, wakapapenda, wakauliza bei. Yule mzee alinipeleka mwisho wa shamba lake. Upande huu fito zake za matete. Upande wa pili ukuta mweupe, juu ya ukuta unaona mwavuli wa bluu, na sauti za watoto wanaoruka kwenye bwawa la kuogelea. Akaniambia pale walikuwa ndugu wa baba yake. Nikamuuliza, waliuza kwa shida? Akasema hapana, kwa raha. Waliuza vizuri, wakasomesha, wakanunua gari. Wewe ungefanyaje? Aliniuliza mimi, na mimi sikuwa na jibu. Mchanga uliomzuia mdudu ndio huo huo uliomvutia mnunuzi.

Hombolo hakuna bahari. Lakini nyoosheni mikono: nani hapa hajapigiwa simu na dalali tangu makao makuu yahamie Dodoma? Naona mkono mmoja. Mzee, wewe huna simu.

Sikuja kumwambia mtu auze au asiuze. Nawaeleza nilichokiona. Na nilichokiona pia ni hiki: vijana wachache wamerudi kupanda. Wanapanda mchangani, wanachimba hadi mfinyanzi, kwa mashine sasa. Mvinyo wao ni kidogo sana, wananunua wanaoutafuta, na wanalipa. Kama utawatosha, mti wa Ramisco haujibu kwa mwaka mmoja.

Namalizia na kikaratasi nilicholetewa hapa mbele. Kimeandikwa: "Kwa nini hukutuletea pingili tukajaribu?" Swali zuri, na nilikuwa naliogopa. Kwanza, kubeba pingili begini bila kibali cha karantini ni kosa. Na mmeshasikia mdudu alivyofika Ulaya. Alibebwa na watu wazuri, wenye nia nzuri, wenye pingili begini. Pili, Ramisco imezoea ukungu. Huku kwetu ingeivia wapi? Anayetaka kujaribu aina mpya aende Makutupora kwenye kituo cha utafiti, miche ipo, imepimwa, na ukiuliza unajibiwa.

Nilicholeta ni hii chupa. Ni ndogo, ya nusu lita, na ni tupu, wenzangu wa upande ule msishtuke. Kizibo bado kina harufu. Anzeni na mama pale mbele, anuse, ampe mwenzake, ifike hadi kwa vijana wa kivulini. Anayeisikia chumvi anyooshe mkono. Na tafadhali, chupa irudi hapa mezani, nimeahidi kumwonyesha mama yangu.